Nina B- ya pointi 59: nafasi yangu chuoni ikoje, na Kiswahili nikiunganishe na somo gani?

Nyar_Manyatta

Wadau, hamjambo. Mimi ni wa Kisumu, nilifanya KCSE (mtihani wa Kidato cha Nne) mwaka jana. Nayaweka matokeo yote hapa ili nisiulizwe kidogo kidogo:

Kiswahili A-, Historia B+, CRE (Dini ya Kikristo) B+, Kiingereza B, Biolojia C+, Biashara C+, Hisabati C-, Kemia D+.

Wastani ni B-, pointi 59. Ndiyo, ingekuwa 60 ningepata B. Hiyo tumeilia nyumbani ikaisha, tafadhali msinianzishe tena.

Baba anataka niombe Uchumi na Takwimu pale Egerton kwa sababu binamu yangu alipitia huko na sasa yuko benki. Mama anasema ualimu, basi. Mimi nakitaka Kiswahili lakini sitaki kukaa nacho peke yake. Kwa hivyo nimekwama kwenye haya: ualimu wa Kiswahili na CRE, Kiswahili na Historia, Kiswahili na Biashara, au niache ualimu nisome BA ya Kiswahili na isimu halafu nitafute kazi ya tafsiri. Vyuo ninavyofikiria ni Maseno (nitakuwa karibu na nyumbani), MMUST (Masinde Muliro, Kakamega) na Egerton.

Maswali yangu: nafasi yangu ya kuitwa ikoje, na somo la pili liwe lipi?

Mzee_wa_Saiba

B- unaingia popote. C+ ndiyo mwisho, wewe uko juu yake. Swali limejibiwa, mfunge uzi.

Mwalimu_Lurambi

Usifunge uzi, ndugu yangu. C+ humpa mtu ruhusa ya kuomba digrii tu. KUCCPS (wanaogawa nafasi za vyuo) haiwapangi watoto kwa B- wala B+, inawapanga kwa pointi za klasta, na mtu mmoja ana klasta nyingi, kwa maana kila kozi ina masomo yake manne inayoyaangalia.

Binti, chukua kalamu. Kanuni tunayowaandikia wanafunzi ubaoni ni hii: jumla ya pointi za yale masomo manne, gawanya kwa 48. Jumla ya pointi zako za masomo saba yanayohesabiwa, hiyo 59 yako, gawanya kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, halafu uzidishe kwa 48.

Tuseme kwa Elimu (Sanaa) masomo yako manne ni Kiswahili 11, Historia 10, CRE 10 na Biolojia 7. Hiyo ni 38. Sasa 38/48 mara 59/84 inakupa kama 0.556, kipeuo chake 0.746, mara 48 unapata 35.8.

Wewe huyo huyo, na B- hiyo hiyo, mtu akushawishi uombe kozi ya sayansi inayohesabu Hisabati 5, Biolojia 7, Kemia 4 na lugha 11. Jumla inashuka hadi 27, klasta inakuwa 30.2. Umepoteza zaidi ya pointi tano bila gredi yako kubadilika hata chembe. Ndiyo maana kila mwaka utasikia mzazi akilia kwamba mtoto wa jirani ana B- na ameitwa, wake ana B- na hakuitwa. Anadhani kuna hongo.

Hesabu ya kalamu hukaribia tu. KUCCPS yenyewe huingia ndani zaidi ya gredi, kwa hivyo ukifungua akaunti yako utakuta nambari tofauti kidogo, na aghalabu ni ndogo kuliko hii ya ubaoni. Uiamini ile ya tovuti.

Nyar_Manyatta

Asante sana mwalimu. Hii hakuna mtu aliyetuonyesha shuleni, tuliambiwa tu "someni kwa bidii".

BabaWawili58

Nami niko Nakuru, nina kijana anaomba mwaka huu huu. Niulize hapa hapa: kwenye tovuti naona kila kozi ina pointi za mwaka jana kando yake. Akiwa amezipita amepata?

Mwalimu_Lurambi

Hapana mzee. Ile nambari ni ya mwanafunzi wa mwisho kuchukuliwa mwaka jana. Hakuna mtu aliyeketi ofisini akaipanga. Nafasi zilikuwa idadi fulani, watu wakapangwa kutoka juu kwenda chini, nafasi zikaisha, na yule zilipoishia kwake pointi zake ndizo hizo unazoziona. Mwaka huu wakiomba wengi wenye nguvu, inapanda. Chuo kikiongeza nafasi, inashuka.

Mimi huwashauri wazazi hivi: mtoto akiwa juu yake kwa pointi mbili tatu, pumueni. Akiwa juu kwa nukta, msimwambie bibi yake bado. Akiwa chini kwa nukta, hiyo ndiyo aiweke chaguo la kwanza kabisa, hajapoteza kitu mradi zilizo chini yake ni za uhakika. Makosa ninayoyaona ni mtoto kujaza chaguo zote kwa kozi moja tamu katika vyuo vikubwa vinavyojulikana, zote zikiwa na pointi za kupigania. Anakosa zote, kisha anangoja dirisha la kurekebisha lifunguliwe, na wakati huo yamebaki makombo.

Omwami_Chwele

Mwalimu ameeleza vizuri ya kuingia. Mimi naongelea ya kutoka, kwa sababu ndiko watu huumia.

Dada, kama ni ualimu wa sekondari, TSC (tume inayosajili na kuajiri walimu) hawaangalii digrii peke yake. Wanataka wastani wa C+ kwenye KCSE, NA C+ katika kila moja ya masomo mawili utakayofundisha. Kila moja. Na chuoni uwe umesoma kozi ndogo (units) zisizopungua nane za kila somo. Kozi inaweza kukuchukua, ukalipa karo miaka minne, ukavaa joho, kisha usajili ukakataa kwa sababu ya gredi ya Kidato cha Nne.

Nina rafiki tuliyesoma naye, alikuwa na Jografia C, si C+. Chuo (sikitaji) kilimsajili Kiswahili na Jografia bila kumuuliza lolote. Alipoomba nambari ya usajili ndipo akaambiwa. Jamaa mwenye digrii akarudi kufanya KCSE kama mtahiniwa wa kibinafsi, amekaa na watoto chumba kimoja cha mtihani, msimamizi anamwita "mzee".

Kwa hivyo pitisha masomo yako kwenye ungo huo kwanza. Kiswahili A-, sawa. Historia B+, sawa. CRE B+, sawa. Biashara C+, imepita kwa kucha. Jambo lako ni jepesi kuliko la wengi, una masomo manne ya kuunganisha na Kiswahili ukihesabu na Biolojia, ingawa hiyo Kiswahili na Biolojia sijui nani atakupangia ratiba yake.

Nyota_ya_Kondele

Je, Kiswahili na Kiingereza? Ana B ya Kiingereza. Lugha zote mbili, ataajiriwa haraka.

Omwami_Chwele

Kiingereza huenda na Fasihi yake ya Kiingereza, hizo mbili ndizo huhesabiwa kama jozi. Vyuo vingi havikupi Kiswahili na Kiingereza kwa ualimu.

Mzee_wa_Saiba

Mnamdanganya mtoto wa watu. Kiswahili na CRE? Nchi hii ukirusha jiwe sokoni linampata mwalimu wa Kiswahili na CRE. Mimi ndiye ninayewajazia fomu hapa saiba, najua wanaokuja. Wana digrii, wako shule za kata kwa mshahara wa BOM (bodi ya shule), kila TSC ikitangaza nafasi wanakuja na faili ile ile imechakaa pembe. Akipata bahati sana anakuwa mwanagenzi JSS (sekondari ya chini), shilingi 20,000 kwa mwezi. Baba yake ana akili, amwache asome uchumi.

KijanaWaFreeArea

Mzee wa saiba, hapo kwa uchumi ngoja kidogo. Mimi nimemaliza Uchumi na Takwimu Egerton, hiyo hiyo anayoitaka baba yake. Ni kozi nzuri, nami siilalamikii. Ila jina lake linasema uchumi, na ukifika Njoro unakuta Hisabati imekaa kila kona: kalkulasi, aljebra, uwezekano, halafu takwimu juu ya takwimu. Kozi nyingi za aina hiyo huweka Hisabati C+ kuwa sharti, na sharti la somo haliangalii klasta. Una C-, mfumo haukuruhusu hata kuomba. Dada usigombane na mzee bure, mfungulie tovuti mkae pamoja, asome mwenyewe pale palipoandikwa masharti. Wazee hukubali haraka kilichoandikwa na serikali kuliko kinachosemwa na binti yao.

Tena ikitokea chuo fulani kikuchukue uchumi wa aina nyingine na hiyo C-, bado nisingekushauri. Tuliona watu mwaka wa pili wakirudia mitihani hadi wakachoka na maisha.

Nyar_Manyatta

😂😂 Eti wazee hukubali kilichoandikwa na serikali. Umemjua baba kabisa. Nitafanya hivyo leo akirudi.

Mwl_Kanduyi

Naomba nimjibu mzee wa saiba kuhusu wingi wa walimu, kwa sababu amesema kweli nusu.

Ni kweli wa Kiswahili na CRE ni wengi, na foleni ni ndefu. Lakini tunahesabu foleni ya leo. Huyu binti akiingia Septemba 2026 atamaliza 2030. Fikirieni shule itakuwaje 2030. KCPE (mtihani wa Darasa la Nane) ya mwisho ilikuwa 2023, hao watoto watafanya KCSE ya mwisho 2027, baada ya hapo hakuna Kidato cha Nne tena. Gredi ya 10 ya kwanza ya mtaala mpya imeingia Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12) Januari 2026, ikiwa na mikondo mitatu: STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, na Sanaa na Michezo. Kwa hivyo anayechagua masomo ya kufundisha leo akitazama ratiba ya Kidato cha Tatu anajiandalia shule ambayo haitakuwepo.

Katika mikondo hiyo yote mitatu kuna masomo ambayo kila mwanafunzi lazima asome: Kiingereza, Kiswahili (au Lugha ya Ishara), Hisabati na huduma kwa jamii. Kiswahili kiko hapo. Hata mtoto wa STEM anayeota kuwa rubani atafundishwa Kiswahili. Mguu mmoja wa binti huyu uko mahali pazuri.

Mguu wa pili ndio wenye mjadala. Historia, CRE, Jografia, Biashara, zote hizo Sekondari Pevu ni za kuchagua, na nyingi ziko kwenye Sayansi za Jamii. Mtoto wa STEM anaweza kumaliza bila kumhitaji mwalimu wa Historia. Ukishuka JSS picha inageuka: kule kuna Elimu ya Dini kama somo la kila mtoto, kuna Masomo ya Jamii yaliyoimeza Historia na Jografia, na masomo yalipopunguzwa 2024 Biashara ikamezwa na Masomo ya Kabla ya Ufundi. Kwa hivyo mtu wa Kiswahili na CRE ana masomo mawili kamili ya JSS. Mtu wa Kiswahili na Biashara ana moja na robo, ingawa huko juu Sekondari Pevu ana ushindani mdogo kuliko wa CRE.

Mimi ningemwambia Kiswahili na Historia au Kiswahili na CRE, na kati ya hizo aangalie anaipenda ipi ya kusoma chuoni. Historia ya chuo ni vitabu vingi na kuandika kwingi. Dini ya chuo nayo si ile ya kukariri Amri Kumi, watu hushtuka wakikutana na falsafa.

Mzee_wa_Saiba

Mwalimu umeniweza kwa hiyo ya 2030. Lakini foleni ile ile iliyopo leo itakuwa bado iko mbele yake hiyo 2030. Na kwenye ajira mtu aliyemaliza zamani hupewa alama za kungoja. Hilo hamlisemi.

Mwl_Kanduyi

Ni kweli, hupewa. Hapo sina la kukupinga.

DadaMfasiri

Nimesoma hadi hapa hakuna aliyemjibu ya tafsiri, ngoja nijibu, ndiyo kazi yangu hapa Kisumu.

Mdogo wangu, kazi ipo lakini si ajira. Tofautisha hayo. Mwajiri mmoja wa kukulipa kila mwisho wa mwezi kwa kutafsiri tu, hao ni wa kuhesabika: Bunge, mashirika machache ya habari, jumuiya za kikanda. Kinachotulisha wengi wetu ni kazi za vipande: dodoso za utafiti wa afya (Kisumu hizi ni nyingi sana, kila mradi unataka fomu za idhini kwa Kiswahili na Dholuo), miongozo ya mashirika, matangazo. Mwezi mmoja unashiba, miezi miwili unakopa.

Watu watakuambia Umoja wa Afrika ulikifanya Kiswahili lugha ya kazi Februari 2022, na UNESCO ikatenga Julai 7 kuwa siku yake, kwa hivyo milango imefunguka. Imefunguka kweli, ila mkalimani wa mikutano ile anahitaji lugha ya tatu iliyonyooka, Kifaransa au Kiarabu. Ndiyo maana nikisikia mtu anataka kuoanisha Kiswahili na kitu kwa ajili ya tafsiri, sisemi mawasiliano, nasema Kifaransa. Wewe hukusoma Kifaransa sekondari, vyuo kadhaa huanzisha wanafunzi kutoka mwanzo, ila ni safari.

Na kuna njia ya katikati ambayo watu husahau. Ukisoma BA yenye masomo mawili yanayofundishwa shuleni, mfano Kiswahili na Historia, baadaye ukiona tafsiri hailipi unafanya diploma ya uzamili ya elimu na TSC wanakusajili, mradi ile C+ ya kila somo unayo. Wewe unayo. Tatizo la BA ya "Kiswahili na isimu" au "Kiswahili na mawasiliano" ni kwamba isimu na mawasiliano si masomo ya kufundisha sekondari. Unabaki na somo moja, na kwa somo moja mlango huo hauko.

Nyar_Manyatta

Dada, hili la mwisho limenifungua macho. Nilikuwa nimeandika BA Kiswahili na isimu kama chaguo la pili nikidhani nikikwama nitarudi ualimu.

DadaMfasiri

Utarudi, lakini utaambiwa uongeze somo zima. Bora uongeze sasa ukiwa na mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya wanafunzi) kuliko wakati huo ukiwa na mtoto.

Otis_Milimani

Jamani mambo ya huku ni magumu, ombeni Marekani. Kule mtu anaingia chuo kwanza, masomo makuu mawili anatangaza mwaka wa pili akishaonja. Huku unaamua maisha yako ukiwa na miaka 18 kwenye simu ya mama.

KijanaWaFreeArea

Otis, sawa, lakini kule "nafasi yangu ikoje" ni swali gumu mara kumi. Hakuna klasta. Wanasoma insha, barua za walimu, umefanya nini nje ya darasa, na vyuo vingi vikijua mgeni anataka msaada wa karo hiyo yenyewe inampunguzia nafasi. Vile vinavyosema havitazami uwezo wa kifedha wa mgeni, kina Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, ndivyo vigumu kuliko vyote kuingia. Huku angalau nambari ya mwaka jana unaiona kwa macho yako. Tumsaidie dada na kilicho mkononi.

Simiyu_Fizikia

Samahani kuingilia uzi. Mimi niko Bungoma, Hisabati A-, Fizikia B+, Kiswahili C. Nachagua kati ya ualimu wa Hisabati na Fizikia, na ile ya Maseno ya Hisabati na Sayansi ya Kompyuta. Wapi kuna nafasi?

Mwalimu_Lurambi

Kijana wewe huna shida, una raha mbili. Hisabati ni ya lazima hadi Gredi ya 12, na walimu wa Fizikia hutafutwa hata na shule za kijijini. Ukichukua ya kompyuta jua kwamba Fizikia umeiacha, kwa hivyo ukija kutaka ualimu utabaki na Hisabati na Kompyuta, na shule zenye maabara ya kompyuta huku kwetu si nyingi. Fungua uzi wako tukuhudumie vizuri.

Msomi_Siriba

Mimi niko Maseno mwaka wa tatu, Elimu (Sanaa). Nimecheka kidogo kwa sababu mmebishana kurasa mbili juu ya kitu ambacho KUCCPS haitamuuliza.

Kwenye tovuti anaomba Elimu (Sanaa). Nambari moja ya kozi. Masomo mawili ya kufundishia, kwa vyuo vingi, huchaguliwa ukisharipoti, wiki ile ya usajili. Kwa hivyo klasta yake ndiyo inayomwingiza, na mjadala wa CRE au Historia ataumaliza akiwa amesimama kwenye foleni ya idara na fomu mkononi. Na hapo ndipo kuna mambo.

Kwanza, masomo yamepangwa kwa vikundi ili vipindi visigongane. Mawili yaliyo kikundi kimoja huwezi kuyachukua pamoja hata ukilia. Kiswahili na Historia, Kiswahili na CRE ni za kawaida, hazisumbui. Kiswahili na Biashara ndiyo ya kuulizia mapema, si kila chuo hukubali lugha ikae na Biashara, na idara inaweza kuitazama hiyo Hisabati yako ya C- ikakunja uso.

Pili, idara hujaa. Waliofika Jumatatu asubuhi walichagua. Waliokuja Alhamisi kwa sababu sanduku lilikuwa halijanunuliwa walipewa kilichobaki. Kuna jamaa alikuja akitaka Kiswahili na Historia, akaandikwa Jografia kwa sababu Historia ilikuwa imejaa, naye Jografia alikuwa na C. Mkumbuke hadithi ya Omwami hapo juu. Bahati yake kuna mhadhiri alimuuliza gredi zake, akabadilishiwa.

Kwa hivyo dada: nenda na nakala ya matokeo yako, fika siku ya kwanza, na mtu akikuandikia somo ambalo huna C+ usitie saini.

Omwami_Chwele

Huyu kijana alikuwa wapi tangu asubuhi.

Msomi_Siriba

Nilikuwa na mtihani wa kati ya muhula 😅

Nyar_Manyatta

Aki asanteni. Swali la mwisho kabla sijalala: nikisoma Maseno nikitokea nyumbani Manyatta kila siku inawezekana, au nitafute chumba?

Msomi_Siriba

Ni kama kilomita 25, matatu za kwenda Busia na Luanda zinapita hapo hapo langoni. Inawezekana. Lakini kuna vipindi vya saa moja asubuhi na vingine vinaisha giza limeingia, na nauli ya siku tano kila wiki ukiipiga hesabu ya muhula unakuta umelipa chumba cha kushiriki wawili. Mwaka wa kwanza omba hosteli ya chuo, ni nafuu kuliko vyumba vya nje. Ukikosa ndiyo urudi kwenye nauli.

BabaWawili58

Na karo binti? Usisahau kuitwa chuo na kupata pesa ni maombi mawili tofauti. Mfumo huu wa ufadhili ulioanza 2023 unataka uingie upya kwenye tovuti yake, ujaze habari za nyumbani, ndipo upangiwe kiwango cha ufadhili na mkopo. Kuna watoto hapa mtaani walidhani barua ya KUCCPS imebeba kila kitu, wakafika chuoni wanadaiwa. Na ukiwaza chuo cha kibinafsi, ule ufadhili usiorudishwa ni wa vyuo vya umma, huko kwingine ni mkopo tu.

Nyar_Manyatta

Nimerudi. Jana usiku nilikaa na baba, nikamfungulia masharti ya Uchumi na Takwimu. Alisoma mara mbili, akaniambia simu imeandika vibaya, kisha akasoma mara ya tatu akanyamaza. Asubuhi ameniuliza Kiswahili na Historia mtu anaweza kuwa mkuu wa shule? Nikamwambia ndiyo. Amekubali.

Klasta yangu ya Elimu kwenye tovuti imesoma 34 na kitu, mwalimu alisema itakuwa chini ya ile ya kalamu na ni kweli. Orodha yangu sasa iko hivi: juu nimeweka Elimu (Sanaa) ya chuo kimoja cha Nairobi ambacho niko chini yake kwa nukta, ile ya kujaribu bahati. Halafu Maseno. Halafu MMUST. Halafu Egerton. Mwisho nimeweka Kibabii ambayo nimeipita kwa zaidi ya pointi tatu. BA ya isimu nimeitoa.

Masomo: Kiswahili na Historia. Nikikuta Historia imejaa nachukua CRE. Jografia hata sikuisoma kwa hivyo hawana la kuniandikia.

Mwalimu_Lurambi

Vizuri sana binti. Jambo moja: hakikisha kila moja uliyochagua ni Elimu (Sanaa) na si Elimu ya Msingi au ya Utotoni, majina yanafanana. Ukimaliza kutuma, pakua ukurasa wa mwisho wenye orodha yako uuweke.

Mzee_wa_Saiba

Uje uuchapishe hapa Kondele, nyuma ya stendi. Wewe ni bure.